Siku Boila Iliponyamaza

Nyinyi vijana mnaosomea uthamini huja kwangu na vikokotoo vyenu mkaniuliza mtambo wa zamani unatiwa bei namna gani. Nikiwaambia mfumbe macho kwanza, mnatazamana. Najua mnachofikiria: mzee huyu akili imechoka. Haya, imechoka. Lakini nilistaafu nikiwa na macho, masikio na vidole vyangu vyote, na wapo wenzangu wa kazi hii ambao hawakubahatika hivyo. Kwa hiyo kaeni vizuri mnisikilize.

Zamani zile tuliitwa watu wa bei. Kiwanda kikifilisika, mgodi ukifungwa, au mtu akitaka mkopo wa kununua mashine, sisi tulitumwa kuangalia kila kinachozunguka, kinachosaga na kinachochemka, kisha tuseme kina thamani gani. Wengine walitupikia kuku, wengine walitufungulia mbwa. Mimi ni Mtaita, kwetu ni mbali kabisa na ziwa lile la Nyanza, lakini katika miaka ya mwanzo ya uhuru ofisi yetu ya Nairobi ilinituma Nyanza Kusini mara nyingi hata wenye hoteli wa Homa Bay wakawa hawaniulizi nitakula nini. Waliniletea samaki tu.

Aliyenifundisha kazi ni Bwana Pinto, Mgoa mfupi aliyevuta suruali yake mpaka karibu na kifua. Alikuwa mkali, na ukimpelekea ripoti yenye maneno "hali nzuri" aliikunja akaitumia kufutia miwani. Siku moja tulikwenda upande wa Migori kuthamini mitambo ya mgodi uliokuwa ukingoni mwa kufungwa. Kabla hatujaingia kwenye banda la injini, akanisimamisha nje. "Mwakio, fumba macho. Niambie ndani kuna nini."

Nikasimama pale juani, macho nimefumba, mikono mbele, nikisikiliza. Kulikuwa na injini, kulikuwa na pampu, kulikuwa na kitu kikisaga mawe, na katikati ya kelele hizo kulikuwa na mgongano mdogo wa chuma uliorudi kila gurudumu lilipozunguka. Nilipofumbua macho nikakuta mama mmoja Msabato, aliyekuwa akitoka sokoni na kikapu chake, amesimama kando yangu ameinamisha kichwa. Alidhani tunaomba, naye akajiunga. Bwana Pinto alingoja mpaka mama akasema "Amina", ndipo akaniuliza nimesikia nini. Nikamwambia kuna beringi imekwisha. Tukaingia, tukaikuta, juu yake imepakwa rangi mpya ya kijani.

"Unaona?" akasema. "Rangi wanapaka kwa ajili ya macho yetu. Sauti haipakwi rangi." Maneno hayo nilikuja kuyakumbuka mahali ambapo sikutaka kabisa kuyakumbuka.

Mahali penyewe palikuwa kiwanda cha kuchambua pamba, nje kidogo ya Homa Bay. Watu walikiita jineri. Mwenye kiwanda alikuwa Mhindi mmoja mzee, Bwana Jivan, aliyekuwa anauza kila kitu aende kwa mwanawe ng'ambo. Waliotaka kununua walikuwa wakulima wenyewe, chama chao cha pamba, watu wa kutoka Ndhiwa, Karungu na vijiji vya kandokando. Benki ilikubali kuwakopesha, na Bwana Jivan alikubali kuuza kwa bei ambayo mtu wa bei angeandika. Mtu huyo nilikuwa mimi, na safari hiyo nilikwenda peke yangu. Bwana Pinto alikuwa ameugua.

Ni lazima mwelewe hamu waliyokuwa nayo watu wale. Walikuwa wamepeleka pamba yao pale miaka na miaka, wakipimiwa kwa mizani ya mtu mwingine na kuambiwa bei na mtu mwingine. Sasa mlango ulikuwa umefunguka kidogo. Walikuwa na hofu moja tu, kwamba nikiandika neno baya juu ya mashine, benki itarudi nyuma na mlango utafungwa. Kwao mimi nilikuwa msahihishaji wa mtihani.

Nilipofika asubuhi niliwakuta wamejaa uwanjani, wamevaa kama wanaokwenda kanisani. Mwenyekiti wao, Mzee Ogola, mrefu, mwenye kofia ya majani na fimbo, alinishika mkono asiuachie. "Bwana wa bei, karibu sana. Mashine yetu iko tayari. Hii mashine haina maneno." Tayari alikuwa anaiita yao.

Bwana Jivan alikuwa ofisini kwake akinywa chai. Alinipa funguo zote, akasema, "Mashine za kuchambua ni nzuri. Boila ni mzee kama mimi. Angalia mwenyewe." Kisha akarudia chai yake. Sijawahi kukutana na muuzaji asiye na wasiwasi kama yule.

Nilianza na mizani, kwa kuwa ndiyo ilikuwa karibu na lango. Ilikuwa mizani kubwa ya jukwaa, na kando yake ubao wenye vikalio ambamo mawe ya chuma ya kupimia hukaa, madogo upande huu, makubwa upande ule. Kikalio kimoja cha jiwe kubwa kilikuwa wazi. Ndani yake hakukuwa na vumbi. Niliuliza jiwe liko wapi. Waliokuwa wakinifuata wakatazama chini, na Mzee Ogola akasema, "Litapatikana, bwana. Twende mbele." Nikaona ni jambo dogo, nikaenda mbele.

Kwenye banda la kuchambulia mashine zilikuwa zinafanya kazi. Walikuwa wameziwasha makusudi ili nione. Kina mama walisimama kila mmoja mbele ya mashine yake, wakiilisha pamba kwa mikono, nyuzi nyeupe zimewajaa nyusi na vilemba. Mashine zilikuwa nzuri kama Mhindi alivyosema. Zote zilivutwa na mikanda iliyotoka kwenye injini ya mvuke, na injini ilipata mvuke kutoka kwenye boila, upande wa pili wa ukuta. Mama mmoja mnene, mcheshi, alinirushia neno kwa Kidholuo na wenzake wakacheka. Nikauliza amesema nini. Akajibu mwenyewe kwa Kiswahili, "Nimesema, mtu wa bei ni mwembamba hivi, yeye mwenyewe atauzwa pesa ngapi?"

Nilicheka nao. Hapo ndipo nilipocheka mara ya mwisho siku ile mpaka alasiri.

Boila huwa naiacha ya mwisho. Nilipofika mlangoni mwa chumba chake, mazoea yakanishika, nikasimama nikafumba macho. Nyuma yangu watu wakanyamaza. Nikasikia moto. Nikasikia injini kwa mbali. Kile nilichokuwa nakitafuta sikukisikia.

Nieleze, maana nyinyi mmekulia kwenye umeme. Boila ni pipa kubwa la chuma lenye maji, chini yake moto. Maji yakichemka, mvuke unasukuma kila upande ukitaka kutoka. Juu ya pipa kuna tundu lenye kifuniko, na kifuniko kimekandamizwa na mkono wa chuma wenye uzito kwenye ncha. Hiyo ndiyo vali ya usalama. Mvuke ukizidi, unainua kifuniko na kutoka nje. Boila ya umri ule, imewashwa tangu alfajiri, vali yake hupumua. Inafoka kidogo, inanyamaza, inafoka tena. Ile ilikuwa kimya kabisa.

Mtia moto alikuwa kijana aliyeitwa Okeyo, mabega mapana, shati limelowa jasho. Alinisalimu bila kuniangalia. Nikaenda kwenye saa ya presha. Mshale ulikuwa mahali pazuri, mahali pa kumfurahisha mgeni. Nikaugonga ule uso wa kioo kwa kidole. Mshale haukutikisika. Nikagonga kwa nguvu zaidi. Ulikuwa umekwama, na huenda ulikwama miaka mingi.

Nikainua macho. Mkono wa vali ulikuwa umefungwa gunia. Hilo si ajabu, mabomba mengi pale yalizungushiwa magunia. Lakini gunia lile lilikuwa limening'inia chini, limenyooka, limevutwa na kitu kizito. Nikakiona tena akilini kile kikalio kitupu kisicho na vumbi.

Nikamsogelea Okeyo nikamwuliza polepole, "Ndani ya gunia ni jiwe la mizani?"

Alikoroga moto ambao haukuhitaji kukorogwa. "Ndiyo, bwana."

"Tangu lini?"

"Tangu asubuhi. Ilikuwa inapiga kelele sana. Mwenyekiti alisema leo kuna mgeni, isipige kelele mbele ya mgeni. Mimi nilimwambia ni mbaya. Akasema, ni leo tu."

Niliogopa. Nawaambia wazi, kitu cha kwanza nilichofikiria ni mlango. Sikujua mvuke ulikuwa umefika wapi, kwa kuwa saa ilikuwa imekufa na vali imezibwa mdomo. Kwenye mshono wa mabamba, pale misumari ya chuma ilipopangwa mstari, palikuwa na uzi mwembamba wa mvuke ukichuruzika, ukilia kama birika. Boila ikipasuka haiui mtu mmoja. Inaondoka na banda. Ukuta uliotutenganisha na wale kina mama ulikuwa wa matofali mabichi.

Kitu kimoja tu kilinipa moyo. Kioo cha maji ubavuni mwa boila kilionyesha maji, na yalikuwa ya kutosha. Kama yangekuwa yamekauka nisingekuwa hapa nikiwachosha.

Sasa fikirini pamoja nami. Ungefanya nini? Ungelinyakua lile jiwe? Hapana. Boila iliyoelemewa ukiifungua kwa ghafla maji yote hulipuka kuwa mvuke kwa mara moja, na mshono ule dhaifu usingestahimili. Ungepiga kelele watu wakimbie? Nilitaka sana. Lakini wakikimbia, mashine zitakosa pamba, injini haitakuwa na kazi, na mvuke utakaa mle mle ndani ukizidi kubana. King'ora cha mvuke cha kiwanda, ambacho kingetusaidia kuupunguza, kilikuwa kimeng'olewa zamani. Njia ya mvuke ilikuwa moja tu: kupitia injini, kuvuta mikanda, kuchambua pamba. Ilibidi moto ufe na kazi iendelee.

Niliyaelewa hayo, na niliona usoni pake kwamba Okeyo ameyaelewa pia. Alikuwa tayari amechukua koleo na kuanza kumwaga majivu yaliyoloweshwa maji juu ya moto. Kisha akasimama, koleo mkononi.

"Bwana," akasema, "mke wangu ako ndani."

"Yupi?"

"Yule alikuchekesha. Mama Atieno."

Mvuke uliendelea kulia kwenye mshono. Nikamwambia, "Akitoka?"

"Akitoka yeye, wengine watauliza. Watatoka wote." Akafuta uso kwa mkono, majivu yakabaki kwenye paji. "Ngoja."

Akaenda kwenye kidirisha cha ukutani walichokuwa wakizungumzia na watu wa banda, akapaza sauti, "Mama Atieno! Ongezeni pamba! Haraka! Mgeni anataka kuona nguvu!"

Nilisikia kicheko chake kutoka upande wa pili. Alidhani mumewe anajionyesha mbele yangu. Akamjibu kwa mzaha, kisha nikasikia mashine zikibadilika sauti, zikizama, zikibeba mzigo mzito. Okeyo akarudi kwenye majivu. Mimi sikuweza kumtazama usoni.

Bado kulikuwa na umati uwanjani. Nikatoka, nikauvaa uso wa mtu wa serikali. "Mzee Ogola, nataka kuona ghala la mbali, lile la karibu na barabara. Kila mkulima akasimame kando ya magunia yake."

"Wote?"

"Wote. Hata watoto."

"Na wewe?"

"Nakuja, jaduong'. Wapange kwanza." Neno hilo la heshima lilimlainisha. Akainua fimbo, akawaongoza kama harusi. Nilimtazama anavyokwenda kwa madaha, na hasira ikanipanda hata nikataka kumwita nimwambie alichokifanya. Nikaimeza, nikarudi ndani.

Kwa nini nilirudi? Msiniite shujaa. Nilikuwa nimemwacha mtu mle ndani ambaye alikuwa amemwambia mke wake aongeze pamba, na miguu ilikataa kunipeleka kwingine. Tulimwaga majivu mpaka moto ukawa kaa jekundu chini ya tope. Baada ya hapo hakukuwa na la kufanya ila kusikiliza. Saa ilikuwa haisemi, kwa hiyo masikio ndiyo yalikuwa saa yetu. Mimi nilisikiliza mshono, Okeyo alisikiliza injini. Kila mara injini ilipopungua kidogo alirudi kidirishani akaita pamba zaidi, na kila mara yule mama alimjibu, sasa bila kicheko, amechoka.

Sijui ilichukua muda gani. Najua tu kwamba ule uzi wa mvuke kwenye mshono ulianza kukatika. Ukalia, ukanyamaza, ukalia kwa sauti ya chini. Mikanda ikaanza kupigapiga kwa ulegevu. Gurudumu kubwa la injini likawa linazunguka kwa kujivuta.

"Sasa," nikasema.

Okeyo alipanda ngazi. Aliliinua lile gunia kwa mikono miwili, polepole, akilibeba kwenye kifua chake badala ya kulivuta. Vali ikafunguka. Mngurumo uliotoka pale sijausikia tena maishani. Chumba kikajaa weupe, nikapiga magoti, na nilipojua kwamba ninasikia kelele ile nikajua kwamba niko hai.

Banda likamwagika. Kina mama walitoka wakipiga mayowe, na kule ghalani watu waliacha magunia wakatawanyika shambani. Wa kwanza kurudi alikuwa Mzee Ogola, kofia imeanguka, amefura. Alipita mbele yangu akamwelekea Okeyo aliyekuwa amesimama chini ya ngazi. "Okeyo! Nilikuambia nini? Nilikuambia isipige kelele mbele ya mgeni!"

Nilianza kucheka, na kicheko kikakataa kukoma, na machozi yakanitoka. Kisha nikamshika yule mzee mkono nikampeleka kwenye mshono, nikamwonyesha. Nikamweleza yote, na kwamba watu wake wangezikwa pamoja. Alikaa chini pale pale kwenye majivu na nguo zake za kanisani.

"Lakini mgeni akija," akasema taratibu, "utamwonyesha mahali nyumba inavuja?"

"Mzee, nyumba ni ya nani?"

"Ni ya Mhindi."

"Na wewe ni nani hapa?"

"Mimi nanunua."

"Basi kama kuna mtu wa kuficha ubovu, ni Bwana Jivan, naye hakuficha. Nikiandika boila ni chuma chakavu, bei inashuka. Mnanunua mashine za kuchambua kwa bei yake ya haki, na mnatafuta injini ya dizeli. Ubovu huu ni wenu, unawasaidia. Mmehatarisha roho za watu ili mlipe zaidi."

Watu wale waliipenda mashine ile kabla haijawa yao, wakaona haya kwa niaba yake. Nimefanya kazi hii miaka mingi na sijaona tena wanunuzi wakipaka rangi mali ya muuzaji.

Wakati huo Mama Atieno alikuwa amefika. Alilitazama gunia mikononi mwa mumewe. Alikuwa amesikia maneno yangu yote.

"Ulijua?" akamwuliza.

"Nilijua."

"Na ukaniambia niongeze."

Nilitaka kumtetea, niseme kwamba ile pamba ndiyo iliyotuokoa, lakini mama yule aliinua kiganja tu, nikanyamaza. Alilichukua jiwe kutoka kwa mumewe, akalibeba mwenyewe, zito vile, mpaka kwenye mizani. Akaliweka kwenye kikalio chake. Kisha akajipangusa nyuzi usoni akashika njia ya kwao bila kugeuka, na Okeyo akabaki amesimama mikono mitupu.

Niliandika nilichoona. Chama kilinunua kiwanda. Nilirudi pale msimu uliofuata kuthamini injini mpya ya dizeli, na nilimkuta Okeyo ndiye mwendeshaji. Watu walikuwa tayari, pamba imelundikwa, Mzee Ogola anaongea. Lakini injini haikuwashwa. Nikauliza tunangoja nini. Mzee Ogola akanionyesha kwa kidevu.

Mama Atieno alikuwa anazunguka kiwanda. Alipita kwenye mizani, akagusa kila jiwe kwenye kikalio chake. Aliingia chumba cha injini, akainua macho kwenye dari, akatazama kila bomba na kila kona, ingawa injini ile haikuwa na boila wala mvuke. Hakuna aliyecheka, na Okeyo alisimama kando akimngoja, kofia mkononi. Alipomaliza, akafunga kilemba chake, akaenda kusimama mbele ya mashine yake, akamwangalia mumewe kupitia kile kidirisha.

"Haya," akasema. "Washa."